Betri yenye mwandiko wangu niliikuta mkononi mwa mtoto. Vifaa vilivyokufa tunavipeleka wapi hapa Bukavu?

fundi_Kadutu

Ndugu zangu, bamama na bapapa, na ninyi mafundi wenzangu wa mezani, habari za huko mliko. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi wiki nzima.

Mimi ni fundi wa simu sokoni Kadutu, mwaka wa 11 huu. Nina desturi niliyorithi kwa yaya, yaani mkubwa wangu, aliyenifundisha kazi: betri ikifika mezani naipima kwa mita, halafu naiandika juu kwa kalamu nyeusi, tarehe na neno moja tu. "Nzima", "dhaifu", au "imekufa". Mteja akirudi kulalamika tunasoma pamoja na ugomvi unaisha.

Jumanne mvua ilipokatika nilifunga mapema nikashuka kwa mguu kupitia Nyamugo, kando ya lile korongo linaloteremsha maji kuelekea mto Kawa. Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa kwenye takataka zilizoletwa na maji. Mmoja wao, kama miaka 8 hivi, ameshika jiwe mkono wa kulia, na kushoto ameshika betri ya simu iliyovimba kama andazi. Anaigonga ubavuni ifunguke, achomoe ile karatasi ya shaba. Nikamshika mkono, nikaichukua, nikaigeuza. Upande wa pili imeandikwa "imekufa" na tarehe ya wiki mbili nyuma. Mwandiko ni wangu.

Nilikaa chini pale pale kwenye tope.

Ilifikaje kule? Kila jioni uchafu wa meza yangu nautia ndani ya sashe, mfuko wa plastiki, nampa kijana anayebeba taka, namlipa, basi. Miaka 11 sijawahi kumwuliza anaupeleka wapi. Nilipomwuliza Jumatano akanitazama kwa mshangao: "Yaya, si kule chini?" Lori la taka haliwezi kuingia kwenye vijia vyetu. Pubeli, lile pipa la taka la soko, likijaa linamwagwa. Kwa hiyo kila kitu kinateremka.

Kwa wasiojua kilichomo ndani ya betri ya simu: ni karatasi mbili nyembamba zilizoviringishwa pamoja, moja ya shaba na moja ya alumini, zimepakwa unga mweusi, katikati yake kuna utando mwembamba wa plastiki, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto upesi. Kuvimba ni gesi. Jiwe au msumari ukitoboa ule utando, karatasi zinagusana, joto linapanda kwa sekunde chache, unatoka moshi mzito, kisha moto. Mwanafunzi wangu alitoboa moja kwa bisibisi mwaka juzi. Kovu lake liko kwenye kidole gumba mpaka leo, na yule alikuwa mtu mzima aliyekaa mezani, ndoo ya mchanga iko miguuni pake. Mtoto wa korongoni ana nini?

Tangu siku hiyo situpi kitu. Nimeweka katoni chini ya meza na nimehesabu siku sita. Betri 31. Chaja 22. Vioo vilivyopasuka 19. Vipokea sauti vya masikioni sikuhesabu, ni fungu zima. Taa za sola 6. Hiyo ni meza moja, na meza kama yangu kwenye mstari wetu tu zinapita 20.

Hizi taa za sola zinaniuma kuliko vyote, acha niseme kidogo. Kwa delestaji tuliyonayo, huu mgao wa umeme, kila nyumba imenunua. Zinawaka vizuri mwaka, mwaka na nusu, halafu zinafifia. Mama anakuja nayo: "Fundi, imekufa." Naifungua, najua tayari: kioo cha sola kizima, balbu nzima, waya nzima, betri ndogo tu ndiyo imechoka. Lakini ganda limebandikwa kwa gundi badala ya skrubu, ukilifungua linavunjika, na betri yenyewe imelehemiwa kwa saizi ambayo sokoni haipo. Taa nzima inatupwa kwa sababu ya kitu kinachokaa kwenye kiganja. Aliyeitengeneza alijua itakuwa hivyo, na angeweza kuweka kifuniko cha skrubu mbili.

Naomba mawazo. Sitaki kuambiwa "serikali ifanye" halafu tukalala. Nataka kujua mimi na wenzangu wa mezani tunaanzia wapi.

---

mama_wa_Nkafu

Fundi, Mungu akubariki kwa kusema. Nimesoma huku nimeshika kichwa. Mimi nina kikapu nyumbani, ndani mna simu tano zilizokufa, redio ya marehemu baba na chaja ambazo sijui ni za nini. Wajukuu wanazichezea. Sikuwahi kufikiri ni kitu cha hatari, nilifikiri ni vitu tu visivyo na kazi.

Niulize: na mapile ya tochi je, yale ya mviringo? Shuleni kwetu zamani mwalimu alituma kila mtoto alete mapile yaliyokwisha. Tulikuwa tunayapasua, tunatoa ule unga mweusi, tunauchanganya na majani yaliyopondwa, tunapaka ubao wa darasa. Mikono inabaki myeusi siku mbili na tunakula nayo. Je, ilitudhuru?

Na neno lingine. Maji ya bomba yakikatika, sisi wa huku tunateremka ziwani na bidoni, madumu yetu ya maji. Ule mto Kawa unaingia ziwa lile lile.

---

mwalimu_wa_kemia

Mama, kwanza nikutoe wasiwasi kidogo. Ule unga ni manganizi kwa sehemu kubwa, pamoja na makaa, na kopo lenyewe ni zinki. Kuushika si sumu ya kukuua. Tatizo ni kwamba mapile mengi ya zamani yalitiwa pia zebaki kidogo ili yadumu. Tulipaka ubao kwa nia njema na hakuna aliyetuambia. Ya sasa yasipasuliwe na wajukuu wasiyatie mdomoni. Hasa vile vidonge bapa vya saa na vya rimoti: mtoto akimeza kimoja kinaweza kutoboa koo lake ndani ya saa mbili. Hiyo ni ya kukimbia hospitali bila kusubiri asubuhi.

Fundi, umegusa jambo ambalo ni kubwa kuliko Kadutu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilihesabu tani milioni 62 za taka za aina hii kwa mwaka 2022 peke yake, dunia nzima. Zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia inayojulikana hazikufika robo, ni asilimia 22.3. Kwa Afrika ni chini ya asilimia 1. Yaani lile korongo lako ndiyo hali ya kawaida ya bara zima.

Kuhusu ziwa nataka tuelewane vizuri, maana watu wanaona Kivu ni kubwa na kirefu, karibu mita 485, wanadhani kinameza kila kitu. Maji ya chini kabisa ya Kivu hayachanganyiki na ya juu, ndiyo maana gesi ya metani imejikusanya kule. Sisi tunachota ya juu, ya ukingoni, pale pale korongo linapomwaga. Na Bukavu iko mlangoni: ziwa linatokea hapa kwenda Ruzizi, Ruzizi inakwenda Tanganyika, ambako wenzetu wa Uvira, Bujumbura na Kigoma wanakunywa na kuvua. Mmeshaona picha za chupa za plastiki zilizojazana kwenye bwawa la Ruzizi mpaka mitambo ya umeme inasimamishwa ili wazoe. Chupa tunaiona kwa sababu inaelea. Betri haielei, inazama pale ilipofika na ganda lake linaoza polepole.

Pia ule moshi. Kimiminika cha betri kikiungua kinatoa gesi yenye floridi inayochoma mapafu, na mtu anaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Ukiona betri inafuka, ondoka upande wa moshi kwanza, mchanga baadaye.

---

mchuuzi_wa_Nyawera

Naheshimu maneno yenu, lakini niseme la moyoni. Yule mtoto wa korongoni hakwenda kule kucheza. Ile shaba anaiuza, anapeleka nyumbani unga. Ukimnyang'anya betri umemlinda mapafu na umemnyima chakula cha jioni. Watu hapa mjini hawana kazi, feza imekuwa ngumu, na ninyi mnataka kufunga na hilo shimo dogo la kupumulia. Mnampa nini badala yake?

---

fundi_Kadutu

Yaya, hilo swali ni la haki na nililiulizwa na yule mtoto mwenyewe kabla yako. Nilipochukua betri hakulia, alisema, "Unipe feza yake." Nikamwuliza wanapata kiasi gani. Wanajaza kopo la maziwa karatasi za shaba, wiki nzima watoto watatu, na kopo likijaa wanapewa faranga 1,500. Kugawana. Nilimpa zaidi ya hiyo pale pale na najua sikutatua chochote.

Ila sikubali kwamba chakula cha mtoto lazima kipitie kwenye moto. Betri zile zimetoka mezani kwangu. Nikizizuia mezani, mtoto hazikuti. Na kama ni kazi ya kuchambua vifaa, ipo, ni kazi ya mtu mzima, mwenye meza, mwenye glovu, anayejua kipi kinafunguliwa na kipi hakiguswi. Bodi moja ya simu, ile sahani ya saketi ndani, ukiitazama kwa lenzi utaona dhahabu kwenye miguu ya soketi, utaona vile vipande vidogo vya njano au vyeusi vyenye tantalamu, ile inayotoka kwenye koltani kama ya machimbo ya Rubaya. Tani ya bodi za simu ina dhahabu nyingi kuliko tani ya mawe ya mgodi mzuri. Wapo wanunuzi wanaopita Kadutu kuchukua bodi kwa kilo, wanazijua thamani yake, sisi tunaziuza kwa bei ya karanga. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka kijana wa Nyamugo aipate akikua.

---

kijana_wa_Birere

Kwetu Goma iko hivyo hivyo, na ardhi yetu ndiyo inazidisha. Mji umejengwa juu ya mawe ya volkano, ya mlipuko wa 2002 yako katikati ya mji kabisa. Kuchimba choo ni kazi ya nyundo na wiki kadhaa, sembuse kuchimba shimo la taka. Kwa hiyo tunachoma. Jioni ukipita Birere unasikia ile harufu ya plastiki inayokaa kwenye ulimi.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, wana kiwanda cha kuchambua vifaa hivi, kiko Bugesera. Kuna jamaa alifikiri atavusha betri kwa mfuko mgongoni kama tunavyovusha nyanya pale barrière, kizuizi cha mpakani. Msijaribu. Ni mzigo wa hatari na una karatasi zake.

---

mwalimu_wa_kemia

Kijana amesema kweli. Mkataba wa Basel wa 1989, ule wa dunia kuhusu kusafirisha taka za hatari, unataka nchi inayopokea ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sharti hilo linashika taka zote za kielektroniki, hata zile zisizohesabiwa kuwa za sumu. Sisi Waafrika tukaongeza wetu wa Bamako, 1991, unaokataza kabisa taka za hatari kuingizwa barani kutoka nje. Kongo imo katika yote miwili. Sheria hizi zilitungwa kumzuia tajiri asimwage uchafu kwa maskini, na ni nzuri, ila fundi mwenye katoni la betri hawezi kujaza zile karatasi peke yake. Panahitajika chama, au kampuni, au ofisi ya mkoa, inayokusanya mpaka ujazo uwe wa maana, ndipo iombe kibali.

---

wa_Katuba

Mwenzenu wa Lubumbashi. Nimefuata uzi tangu asubuhi na nina la kuongeza kuhusu waya na betri za gari, maana huku ndiko ugonjwa wetu uliko.

Huku vyuma chakavu tunaviita mitraye, na biashara yake inalisha nyumba nyingi. Vijana wanakusanya nyaya, wanazilundika nyuma ya nyumba, wanatia moto ili plastiki iungue ibaki shaba. Moshi mweusi, mzito, unatambaa chini. Nilikuwa kati ya vijana hao mwaka 2009 na 2010. Kila msimu wa kiangazi nilikohoa mpaka mama akadhani ni kifua kikuu. Mwalimu atatuambia kilichomo, mimi najua tu kwamba niliacha moto nikaanza kuchuna kwa kisu na kikohozi kikaniacha. Na sikiliza hii, mchuuzi wa Nyawera: waya uliochunwa kwa kisu unauzwa ghali kuliko uliochomwa, kwa sababu shaba inabaki inang'aa, haina masizi. Mnunuzi anaigeuza, anaona, anaongeza bei. Unachukua muda mrefu zaidi, ndiyo. Waya nyembamba sana za chaja hazichuniki, hizo sisi tunaziweka kando.

Betri za gari na zile kubwa za sola ni habari nyingine kabisa, msizichukulie kama za simu. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Watu wanamwaga asidi kwenye mfereji, wanayeyusha risasi juu ya mbabula ile ile inayopikia, wanatengeneza vizito vya nyavu. Risasi hainuki na haina ladha. Mtoto hapati homa. Anakuwa mzito darasani, tumbo linamuuma, damu inapungua, na kwa wengine ubongo unadhurika bila kurudi nyuma.

Na jambo moja linalonikaa moyoni. Bodi za simu zikiuzwa, zikiuzwa tena, mara nyingi mwisho wa safari ni viwanda vichache vya Ulaya na Asia vyenye tanuru za kazi hiyo. Kimoja kikubwa kiko Hoboken, mtaa wa Antwerp, Ubelgiji, ni cha kampuni ya Umicore. Babu yangu alifanya kazi Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya migodi ya shaba, kabla migodi haijataifishwa na kuja kuwa ya Gécamines. Umicore ni jina jipya la Union Minière, walibadili 2001. Ukoo ule ule uliochimba shaba yetu ardhini sasa unaichimba ndani ya simu zetu zilizokufa. Sisemi kwa ubaya, kazi hiyo wanaijua. Nauliza tu kwa nini mji wetu wenye tanuru, wenye wahandisi, wenye bomba la moshi linaloonekana kila kona, usiijue pia.

---

mwalimu_wa_kemia

Wa Katuba, kwenye ule moshi mna sumu ziitwazo dioksini. Plastiki ya waya ina klorini, na shaba yenyewe inachochea zitengenezwe. Zinakaa ardhini miaka, kuku wanadonoa, watu wanakula mayai.

Na risasi, kwa anayedhani tunatisha watu: Thiaroye-sur-Mer, kando ya Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa mahali watu walipokuwa wakichambua betri za gari na kuchekecha mchanga wake majumbani. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha risasi kilisumisha mtaa mzima. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi mle, Phyllis Omido, alianza kuuliza baada ya maziwa yake kumdhuru mwanawe. Mahakama mwaka 2020 iliamuru wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

---

mama_wa_Nkafu

Sasa fundi, mimi na kikapu changu nifanye nini kesho asubuhi?

---

fundi_Kadutu

Mama, kwanza kiondoe jikoni na mbali na mbabula. Simu ambazo mgongo unafunguka, toa betri. Zile zisizofunguka usizilazimishe, niletee. Chunguza kama kuna iliyovimba: ganda limeinuka, kioo kimesukumwa juu, simu inayumba ukiilaza mezani. Hiyo usiichaji tena hata dakika moja, hata kama inawaka. Redio ya baba yako uilete pia, redio za zamani hazifi, zinakauka tu kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, na hizo ninazo.

Na kwa wote, nieleze tulipofika. Jumamosi tulikaa meza sita. Tumekata bidoni nne juu, tumetia mchanga mkavu (ule wa ziwani tumeuanika siku tatu, ukiwa na unyevu ni kazi bure). Betri ikikufa, fundi anafunika ncha zake kwa utepe wa umeme, vipande viwili, ndipo anaizika. Safu ya betri, safu ya mchanga. Zilizovimba zina bidoni yake peke yake, inakaa nje chini ya bati, mbali na meza. Mteja akirudisha betri ya zamani anapunguziwa kidogo kwenye mpya, na tayari watu wanaleta hata zile walizozificha kwenye droo. Bodi tunazikusanya pamoja na tumekubaliana hakuna meza itakayouza peke yake, tukifika kilo 50 tutaita wanunuzi wawili wapigane bei mbele yetu. Waya nene tunachuna kwa kisu, kama alivyosema wa Katuba. Taa za sola nimeanza kuzifungua kwa uzi wa gitaa uliopashwa moto, unakata gundi bila kuvunja ganda, na nimefufua 4 kati ya zile 6 kwa betri nzima za simu zenye vioo vilivyokufa. Anayetaka kujifunza aje, sitozi.

Kijana anayebeba taka nimemwongeza malipo, na sashe ya meza zetu sasa haina betri ndani. Anahakikisha mwenyewe, anaipapasa kabla ya kuibeba.

Kilichobaki kigumu ni bidoni zikijaa. Kwa hesabu ya wiki hii zitajaa kabla ya miezi miwili. Mwalimu amekubali tuandike barua kwa idara ya mazingira ya mkoa, tukiambatanisha hesabu zetu za meza sita, tuombe sehemu moja yenye sakafu ya saruji na paa, ya kuhifadhia mpaka ujazo ufike wa kuombewa kibali. Yeyote mwenye ghala lisilotumika, hata chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, aandike hapa.

---

mchuuzi_wa_Nyawera

Kuna chumba nyuma ya duka la shemeji yangu. Paa zima, sakafu ya saruji, hakiingii maji. Kina magunia matatu ya makala, makaa ya kupikia.

---

fundi_Kadutu

Makala yatoke kwanza, yaya. Yote, na vumbi lake lifagiliwe. Kesho saa nane nitakuja nione mlango.